Carlos Queiroz: Msaidizi aliyeondoka mara mbili kando ya Ferguson

WAHENGA walinena kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Katika benchi la ufundi la timu ya soka fahali ni mmoja tu, naye ni kocha mkuu. Anayeketi kando yake huitwa msaidizi, na mara nyingi jina lake husahaulika hata kabla jasho la ushindi halijakauka.

Carlos Queiroz, Mreno aliyezaliwa Msumbiji, ni miongoni mwa wachache waliokifanya kiti hicho cha pili kijulikane duniani kote. Alikikalia Manchester United katika vipindi viwili, 2002 hadi 2003 na 2004 hadi 2008, chini ya Sir Alex Ferguson. Katika miaka hiyo klabu hiyo ilitwaa ubingwa wa England mara tatu na wa Ulaya mara moja akiwa msaidizi.

Mara zote mbili aliondoka mwenyewe ili akawe kocha mkuu penye jina kubwa. Real Madrid ilimtimua baada ya msimu mmoja. Ureno nayo ilimtimua baada ya miaka miwili.

Safari yake inaibua swali linalomkabili kila kocha msaidizi duniani: je, kiti cha pili ni ngazi ya kupandia tu, au ni kazi kamili yenye ufundi na heshima yake?

Kazi yenyewe

Kocha msaidizi hufanya mengi ambayo mtazamaji hayaoni. Huandaa ratiba ya mazoezi, huyaongoza uwanjani, huwasoma wapinzani na kumshauri mkuu wake kuhusu mfumo na mabadiliko ya wachezaji.

Aidha, yeye ndiye daraja kati ya wachezaji na kocha mkuu. Mchezaji aliyeachwa nje ya kikosi humwendea msaidizi kwanza, kwa sababu hapo anaweza kulalamika bila kuhofia kwamba neno lake litamponza Jumamosi inayofuata.

Kocha mkuu ana mzigo wa namna nyingine. Yeye huamua, huzungumza na waandishi wa habari, huwakabili viongozi na mashabiki, na timu inapofungwa ni jina lake linalotajwa. Mtu anaweza kuwa hodari katika kazi ya kwanza na bado akalemewa na ya pili.

Mashabiki wa Tanzania wanakifahamu kiti hiki. Charles Boniface Mkwasa alikuwa msaidizi wa Mholanzi Hans van der Pluijm pale Yanga kabla ya kukabidhiwa Taifa Stars mwaka 2015. Selemani Matola alijiunga na benchi la Simba mwaka 2019, akafanya kazi chini ya makocha kadhaa wa kigeni waliokuja na kuondoka, huku akilazimika mara kwa mara kukaimu nafasi ya mkuu.

Kutoka Nampula hadi Lisbon

Queiroz alizaliwa Machi 1, 1953 katika mji wa Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, wakati nchi hiyo ikiwa bado chini ya utawala wa Ureno. Alicheza soka akiwa mlinda mlango, lakini hakupata kuwa mchezaji mwenye jina.

Msumbiji ilipata uhuru Juni 25, 1975. Queiroz alikuwa miongoni mwa Wareno wengi waliohamia Ureno katika kipindi hicho, na jijini Lisbon alisomea elimu ya viungo na michezo. Hivyo aliingia katika ukocha kwa mlango wa darasani, si kwa umaarufu wa kucheza, jambo ambalo kwa enzi hizo halikuwa la kawaida.

Jina lake lilianza kuvuma alipokabidhiwa timu za vijana za Ureno. Machi 1989, jijini Riyadh, vijana wake waliifunga Nigeria mabao 2-0 katika fainali ya Kombe la Dunia la vijana wenye umri chini ya miaka 20.

Miaka miwili baadaye Ureno ikawa mwenyeji wa mashindano hayo. Juni 30, 1991, mbele ya watu wapatao 127,000 katika Uwanja wa Luz, iliitoa Brazil kwa mikwaju ya penalti baada ya sare ya bila kufungana. Katika kikosi hicho walikuwamo Luis Figo, Rui Costa, João Pinto na Jorge Costa, kundi lililokuja kuitwa kizazi cha dhahabu cha soka ya Ureno.

Ushindi huo ulimpandisha hadi timu ya wakubwa mwaka huohuo wa 1991. Huko hakupata mteremko. Novemba 1993 Ureno ilifungwa 1-0 na Italia mjini Milan, ikakosa tiketi ya Fainali za Kombe la Dunia za 1994 nchini Marekani, naye akaondoka.

Mwalimu asiye na makazi

Baada ya hapo alirithi mikoba ya Mwingereza Bobby Robson katika klabu ya Sporting ya Lisbon, akatwaa Kombe la Ureno mwaka 1995. Mwaka 1996 alivuka bahari hadi New York kuifundisha MetroStars, kisha akaenda Japani katika klabu ya Nagoya Grampus Eight, ambayo Arsène Wenger alikuwa ameiacha mwaka huohuo kwenda Arsenal.

Alizifundisha pia timu za taifa za Falme za Kiarabu na, kuanzia mwaka 2000, Afrika Kusini. Bafana Bafana walifuzu chini yake kwa Fainali za Kombe la Dunia za 2002 za Korea Kusini na Japani.

Hata hivyo, hakufika huko. Baada ya timu kutolewa na wenyeji Mali katika robo fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mapema mwaka huo, shirikisho lilimteua Jomo Sono kuwa mkurugenzi wa ufundi. Queiroz alijiuzulu Machi 2002, na Sono ndiye aliyeiongoza timu kwenye fainali hizo.

Alikuwa na umri wa miaka 49, amekuwa kocha mkuu katika mabara manne, na hana kazi. Wito uliofuata ulimtaka ashuke cheo.

Kiti chenye historia

Nafasi aliyoitiwa Old Trafford ilikuwa na historia yake, na waliomtangulia walikuwa wameonja matamu na machungu ya kuiacha.

Archie Knox, aliyekuwa na Ferguson tangu Aberdeen, aliondoka mwaka 1991, wiki chache kabla ya United kutwaa Kombe la Washindi barani Ulaya. Hakwenda kuwa mkuu. Alikwenda Rangers ya Scotland kuwa msaidizi wa Walter Smith. Knox alikwishakuwa meneja kabla ya hapo, lakini alichagua tena kiti cha pili.

Aliyemfuata, Brian Kidd, alikuwa shujaa wa klabu. Siku alipotimiza miaka 19, Mei 1968, aliifungia United bao katika fainali ya Kombe la Ulaya dhidi ya Benfica. Akiwa msaidizi wa Ferguson tangu 1991, alishiriki katika ubingwa wa kwanza wa ligi kwa klabu hiyo baada ya miaka 26, mwaka 1993.

Desemba 1998 Kidd alikubali kuwa meneja wa Blackburn Rovers. Mei 12, 1999 timu yake ilishuka daraja baada ya sare ya 0-0 nyumbani, na mpinzani wa siku hiyo alikuwa Manchester United. Wiki mbili baadaye United ilikamilisha mataji matatu ya msimu mmoja jijini Barcelona. Kufikia Novemba mwaka huo kibarua cha Kidd kilikuwa kimeota nyasi.

Kidd hakupotea. Alirejea katika kazi ya usaidizi, na kuanzia 2009 hadi 2021 alikuwa katika benchi la Manchester City chini ya Roberto Mancini, Manuel Pellegrini na Pep Guardiola, akivuna ubingwa mmoja baada ya mwingine.

Nafasi yake United ilichukuliwa na Steve McClaren, aliyefika kutoka Derby County Februari 1999, akakuta mataji matatu yakinukia. Mwaka 2001 aliondoka kwenda Middlesbrough, akaipatia kombe lake kubwa la kwanza, Kombe la Ligi la 2004, na kuifikisha fainali ya Kombe la UEFA mwaka 2006.

Ngazi iliyofuata ndiyo iliyomwangusha. Akiwa kocha wa England, alifungwa 3-2 na Croatia Wembley, Novemba 21, 2007, taifa hilo likakosa Fainali za Ulaya za 2008, naye akatimuliwa siku iliyofuata. Mwaka 2010 aliwaziba midomo waliomcheka kwa kuipa Twente ubingwa wa Uholanzi. Mmoja wa wasaidizi wake katika klabu hiyo alikuwa Erik ten Hag. Mwaka 2022 Ten Hag alipopewa United, alimwita McClaren awe msaidizi wake.

Msimu wa kwanza, kisha Madrid

Msimu wa 2001/02, wa kwanza bila McClaren, United ilimaliza ya tatu bila kombe lolote. Queiroz alipowasili katikati ya 2002 alimkuta kiungo Quinton Fortune, ambaye alikuwa amemfundisha katika timu ya Afrika Kusini.

Matokeo yalionekana upesi. United iliipiku Arsenal na kutwaa ubingwa wa msimu wa 2002/03 kwa pointi 83 dhidi ya 78.

Sifa hizo zilifika Hispania. Real Madrid ilikuwa imeachana na Vicente del Bosque mara tu baada ya kutwaa ubingwa, na majira hayohayo ikamnunua David Beckham kutoka United. Mtu aliyeitwa kuiongoza ni Queiroz, ambaye hakuwa amekaa Old Trafford hata miezi 13.

Alikuta kikosi cha Zinedine Zidane, Ronaldo, Raúl, Roberto Carlos na yule Figo aliyemlea tangu ujana. Lakini nguzo za ulinzi zilikuwa zimeng'olewa: nahodha Fernando Hierro aliachwa na kiungo mkabaji Claude Makélélé akauzwa Chelsea.

Mwanzo ulikuwa mwema. Timu ilitwaa Kombe la Super la Hispania Agosti 2003, na hadi Machi 2004 ilikuwa ikiongoza ligi. Ndipo dari lilipoporomoka.

Machi 17 ilifungwa 3-2 na Zaragoza katika fainali ya Kombe la Mfalme. Aprili ilitolewa na Monaco katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa kwa kanuni ya mabao ya ugenini, huku Fernando Morientes, mchezaji wake yenyewe iliyemkopesha kwa Wafaransa hao, akiwa miongoni mwa walioifunga. Mwishowe ikapoteza mechi tano za mwisho za ligi mfululizo na kumaliza ya nne. Mei 24, 2004 Queiroz akafutwa kazi.

Marejeo ni ngamani

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Majira ya joto ya mwaka huo Queiroz alirudi Manchester, katika kiti kilekile alichokiacha.

Mtu aliyetoka kuwaongoza akina Zidane alikubali tena kupanga koni mazoezini na kumwachia mwingine neno la mwisho. Wapo makocha ambao wasingekubali. Kwake miaka minne iliyofuata ndiyo ikawa yenye mavuno makubwa kuliko yote.

Haikuanza kwa urahisi. Desemba 2005 United ilitolewa katika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa baada ya kufungwa 2-1 na Benfica, huko Lisbon. Mashabiki waliozoea mfumo wa 4-4-2 walinung'unika, wakimlaumu msaidizi kwa kuingiza mfumo wa mshambuliaji mmoja. Katika siku hizo msaidizi alibeba lawama kama mkuu, bila kuwa na cheo cha mkuu.

Lakini mfumo huo ulimfaa kijana mmoja aliyesajiliwa kutoka Sporting mwaka 2003, Cristiano Ronaldo. Queiroz alizungumza naye kwa Kireno, akajua alikotoka na namna alivyofundishwa. Msimu wa 2007/08 Ronaldo alifunga mabao 42 katika mashindano yote, na mwaka huo akatwaa Mpira wa Dhahabu.

Ubingwa ulirudi Old Trafford mwaka 2007 na kubaki huko 2008, timu ikifungwa mabao 22 tu katika mechi 38 za msimu huo wa pili.

Nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2008 dhidi ya Barcelona ndiyo iliyoonyesha kazi ya Queiroz kwa uwazi zaidi. Beki Gary Neville alisimulia baadaye kwamba msaidizi huyo alitandika mikeka ya mazoezi uwanjani ili kila mchezaji ajue kwa usahihi pa kusimama. Barcelona hawakupata bao katika dakika 180, na shuti la Paul Scholes likaivusha United. Mei 21, jijini Moscow, iliifunga Chelsea kwa penalti na kuwa bingwa wa Ulaya.

Katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 2013, Ferguson alimweleza Queiroz kama mtu aliyeukaribia umeneja wa United kadiri inavyowezekana bila kukabidhiwa cheo chenyewe. Katika miaka hiyo wengi walimtaja kuwa mrithi.

Kuondoka kwa mara ya pili

Urithi huo hakuungoja. Julai 2008, miezi miwili baada ya Moscow, alirejea kuifundisha Ureno. Ferguson alibaki kazini miaka mingine mitano akiwa na Mike Phelan kama msaidizi, akastaafu mwaka 2013 na kumpisha David Moyes.

Ureno ilifuzu kwa Fainali za Kombe la Dunia za 2010 kupitia mechi za mchujo dhidi ya Bosnia. Afrika Kusini ikamwona tena Queiroz, safari hii katika fainali alizozikosa mwaka 2002. Timu yake iliifunga Korea Kaskazini 7-0, ikatoka sare na Ivory Coast na Brazil, kisha ikatolewa na Hispania kwa bao 1-0.

Kilichomwondoa hakikuwa matokeo peke yake. Alisimamishwa miezi sita kutokana na mzozo na maofisa waliokuja kupima dawa za kuongeza nguvu kambini kabla ya fainali, na Septemba 2010 akatimuliwa. Machi 2011 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliifuta adhabu hiyo, lakini kazi ilikwishapotea.

Tangu hapo hakurudi tena katika kiti cha pili. Aliifundisha Iran kuanzia 2011 hadi 2019 na kuipeleka Fainali za Kombe la Dunia za 2014 na 2018. Baadaye aliifundisha Kolombia, kisha Misri, kisha Iran tena katika fainali za 2022. Hivyo aliongoza timu katika Fainali nne za Kombe la Dunia mfululizo. Mwaka 2023 alikuwa na Qatar, na Julai 2025, akiwa na umri wa miaka 72, aliteuliwa kuifundisha Oman.

Katika timu za taifa ndiko alikoonekana kupata mahali panapomfaa. Kocha wa taifa hukutana na wachezaji kwa siku chache, hana budi kupanga ulinzi kwa nidhamu, na hana soko la usajili la kumwokoa. Hayo ni mambo yanayomtaka mwalimu wa uwanja wa mazoezi.

Hesabu ya mwisho

Kumbukumbu za soka zinatoa hesabu ya wazi. Kama kocha mkuu wa klabu, Queiroz hakutwaa ubingwa wa ligi hata mara moja, si Ureno, si Marekani, si Japani wala Hispania. Kama msaidizi, alishiriki katika ubingwa wa England mara tatu ndani ya misimu mitano.

Hesabu hiyo haimaanishi kwamba msaidizi asithubutu kupanda. José Mourinho alitoka kuwa mkalimani na msaidizi wa Robson hadi kuwa bingwa wa Ulaya na Porto mwaka 2004, na Mikel Arteta alitoka kando ya Guardiola mwaka 2019 kwenda kuiongoza Arsenal. Inachoonyesha ni kwamba kupanda si zawadi ya kuwa msaidizi bora; ni kubadili kazi, na kazi mpya ina mitihani yake.

Februari 6, 2022, jijini Yaoundé, Misri ya Queiroz ilicheza fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika dhidi ya Senegal. Kwa kuwa alitolewa kwa kadi nyekundu katika nusu fainali dhidi ya Kameruni, hakuruhusiwa kukaa kwenye benchi. Mechi ilikwisha bila bao na Senegal ikashinda kwa penalti.

Usiku huo waliosimama ukingoni mwa uwanja, wakipaza sauti na kutoa maelekezo kwa niaba ya mtu aliyeketi mbali, walikuwa wasaidizi wake.